Thabai, mnavu na mgagani: Mboga zinazotupwa kama magugu

MVUA ya masika inapokolea, kingo za mashamba na mahali palipowahi kuwa mazizi katika nyanda za juu za Kenya huota mimea ambayo hakuna aliyeipanda. Mwenye shamba huiita magugu, huing'oa na kuitupa, kisha huenda sokoni kununua kabeji. Baadhi ya anayoyatupa yana lishe bora kuliko anayoyanunua.

Mfano mmoja ni thabai, mmea uwashao unaostawi kwenye baridi ya sehemu zinazozunguka Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Kwa lugha ya wataalamu huitwa Urtica massaica. Watoto huuogopa, na si bila sababu. Majani na shina lake vimejaa vinyweleo vilivyo mfano wa sindano. Kinyweleo kikiguswa, ncha yake huvunjika na kudunga ngozi, kikiacha humo kemikali kama vile histamini, ambazo ndizo zinazoleta mwasho na uvimbe.

Hata hivyo, silaha hiyo haistahimili moto. Majani yakitumbukizwa katika maji yanayochemka kwa dakika chache, vinyweleo hulegea na kemikali hizo huharibika. Kuyasaga laini au kuyakausha vilevile huondoa makali.

Wakikuyu wametumia thabai tangu jadi katika mukimo. Mahindi na maharagwe au njegere huchemshwa kwanza, viazi vikaongezwa, na majani ya thabai yakatiwa viazi vinapokaribia kuiva. Kisha vyote hupondwa kwa mwiko mpaka chakula kigeuke kijani. Wengine huyatia katika supu, au huyakausha na kuyasaga yawe unga wa kuchanganywa na uji au unga wa chapati.

Wachumaji huchagua majani machanga ya nchani kabla mmea haujatoa maua, kwa maana yaliyokomaa huwa magumu na yenye chembechembe kinywani. Zamani wengi walivaa mfuko wa plastiki mkononi; tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku nchini mnamo Agosti 2017, glavu au kitambaa kizito ndicho kimbilio.

Thabai ina madini ya chuma, kalisiamu na protini. Lakini chuma kinachotoka kwenye mimea hakifyonzwi mwilini kwa urahisi kama kile cha nyama. Nyanya au ndimu husaidia kwa sababu ya vitamini C. Chai nayo huzuia, hivyo ile desturi ya kuteremshia mlo kwa kikombe cha chai ya rangi humnyima mlaji sehemu ya faida aliyoitafuta. Kwa mama mjamzito au mtoto mwenye upungufu wa damu, hasara hiyo si ndogo.

Thabai haiko peke yake. Mnavu, ambao Wakikuyu huuita managu na Waluo osuga, hujiotea katika mashamba ya mahindi. Ndivyo ulivyo mgagani, yaani chinsaga ya Wakisii na dek ya Waluo. Mboga hizi mbili ni chungu, na wapishi wasio na uzoefu huzichemsha mara mbili au tatu huku wakimwaga maji. Uchungu hupungua kweli, ila vitamini nyingi nazo huishia mtaroni. Wapishi wa magharibi mwa Kenya wana njia bora zaidi: mboga hupikwa kwa maziwa na kulazwa, ikapashwa moto siku ya pili ikiwa imelainika ladha.

Mrenda hautaki hila nyingi; magadi kidogo, au munyu unaochujwa kutokana na majivu, huulainisha, nao huchanganywa na kunde. Pwani, Wamijikenda huupika mchunga, mboga chungu kupindukia, kwa tui la nazi na kuula kwa sima.

Ujuzi huu uliwahi kukaribia kupotea. Kwa miaka mingi mboga hizi zilidharauliwa kuwa chakula cha maskini. Watafiti kama Patrick Maundu, mmoja wa waandishi wa kitabu kuhusu mimea ya vyakula vya kiasili nchini kilichochapishwa mwaka wa 1999, na Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha JKUAT, walisaidia kuzirudishia hadhi. Mnamo Desemba 2021, shirika la UNESCO liliitambua Kenya kwa juhudi za kuhifadhi vyakula vyake vya kiasili.

Sifa hizo zisimfanye mtu achume ovyo. Matunda mabichi ya mnavu yana sumu, na yafaa yaondolewe. Hatari kubwa zaidi ni mnanaha. Ukikomaa, hujulikana kwa maua yenye umbo la tarumbeta na matunda yenye miiba, lakini ukiwa mchanga huweza kuchumwa pamoja na mchicha au mnavu bila kutambuliwa. Aliyeula hukaukwa na kinywa, mboni zake hupanuka na huanza kuweweseka. Anapaswa kukimbizwa hospitalini mara moja.

Mboga za kando ya barabara kuu au zilizonyweshewa maji taka huweza kubeba madini hatari kama risasi, ambayo hayaondoki kwa kuchemshwa. Shamba lililopuliziwa dawa ya kuua magugu nalo si la kuchumwa chochote, hata kama majani bado ni mabichi.

Kuna pia wachuuzi wanaoinadi thabai kuwa tiba ya kisukari na shinikizo la damu. Madai hayo yameutangulia mbali ushahidi. Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni kwamba mmea huo una vitamini K kwa wingi, nayo hupunguza nguvu ya wafarini, dawa inayozuia damu kuganda. Mgonjwa anayetumia dawa hiyo anahitaji kuzungumza na daktari wake kabla ya kuanza kuila kila siku.