Wimbo wa kuchekesha ni ngoma au ni upuzi?

WEKA video ya ‘Boten Anna’ mbele ya mabeste wanne na ubishi utaanza kabla wimbo haujaisha. Mmoja atasema ni upuzi mtupu: jamaa mzima anaimbia roboti ya kwenye chati, na video imejaa boti! Mwingine atamjibu, “Si ndio utamu wenyewe!”

Basshunter wa Uswidi alidhani Anna ni programu ya kufukuza wakorofi kwenye chati. Kumbe alikuwa msichana halisi. Na kwa Kiswidi, jina la wimbo linakaribiana kimatamshi na neno la boti, ndiyo maana ya video ile.

Ngoma hiyo ilitoka 2006. Toleo la Kiingereza, ‘Now You’re Gone’, likashika nambari moja Uingereza 2008. Lakini Anna aliachwa nje, ikabaki stori ya kawaida ya kuachwa na mpenzi. Ngoma ikauza, kichekesho kikapotea.

Kwani lazima iwe hivyo? Waulize KAJ, vijana watatu kutoka Finland wanaoimba kwa Kiswidi. Mwaka 2025 wimbo wao wa sauna, ‘Bara bada bastu’, ulimbwaga Måns Zelmerlöw, bingwa wa Eurovision 2015, kwenye mchujo wa Uswidi. Tangu 1998, nchi hiyo haikuwa imepeleka Eurovision wimbo wa Kiswidi. Ukamaliza wa 4.

Kwa hivyo beste akibisha, mwambie hivi: kuchekesha watu wasioelewa lugha yako si mchezo.