JE, JAJI AWEZA KUONDOLEWA KAZINI?

Jumamosi moja ya muhula huu chama chetu cha mjadala kilikutana ukumbini baada ya chakula cha jioni. Hoja ilikuwa kwamba majaji wa mahakama za juu wasiondolewe kazini kamwe mpaka watimize umri wa kustaafu. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioitetea hoja hiyo, na nilidhani tunashinda. Ndipo kijana mmoja wa Kidato cha Tatu aliposimama nyuma kabisa akauliza: "Jaji ndiye anayetuhukumu sote. Je, yeye akikosa, atahukumiwa na nani?"

Tulioketi mbele tukatazamana. Hapana aliyekuwa na jibu. Siku ya pili yake mwalimu wetu alinipa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, akaniambia nitafute jibu mwenyewe, kisha niliandike katika gazeti hili ili wengine nao wafaidike. Basi haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza yafaa tuelewe kwa nini jambo hili ni gumu. Fikirini mchezo wa mpira baina yetu na shule jirani. Kama nahodha wetu angekuwa na uwezo wa kumfukuza mwamuzi wakati wa mapumziko, nani angethubutu kupuliza filimbi dhidi yetu? Lakini kama hapana mtu yeyote awezaye kumwondoa mwamuzi, hata akija amelewa au amepokea hongo, huo nao si mchezo. Hali kadhalika jaji. Akifukuzwa upesi atakuwa mwoga, na asipoweza kufukuzwa kabisa aweza kuwa jeuri. Kazi ya sheria ni kupita katikati ya mabaya hayo mawili.

Nchi yetu imepata kuonja ubaya wa kwanza. Mwaka 1988 Bunge lilibadilisha Katiba ya wakati ule likawaondolea majaji kinga yao, Rais akawa na uwezo wa kuwaachisha kazi pasipo uchunguzi wa jopo. Kinga hiyo ilirudishwa mwaka 1990. Miaka miwili si mingi katika kitabu cha historia, lakini babu yangu anaikumbuka. Mwaka 1989 alikuwa na kesi ya shamba mahakamani, na mpinzani wake alikuwa mtu mwenye marafiki wakubwa. Majirani wakamwambia, "Mzee, hata jaji ana watoto wa kulisha. Nani atakuamulia wewe?" Babu akaogopa, akakubali kupewa nusu ya shamba nje ya mahakama. Hata leo hajui kama jaji yule angemwogopa mtu yule ama angetoa haki. Yawezekana alikuwa mtu shupavu kabisa. Lakini babu hakuwa na sababu ya kumwamini, na mwananchi asipoiamini mahakama, ni kama kwamba mahakama haipo.

Sasa tutazame sheria ya leo. Kifungu cha 168 cha Katiba kinasema kwamba jaji wa Mahakama ya Juu, Mahakama ya Rufani au Mahakama Kuu aweza kuondolewa kwa sababu tano tu. Sababu hizo ni: kushindwa kufanya kazi kwa ugonjwa wa mwili au wa akili, kuvunja kanuni za mwenendo wa majaji, kufilisika, kutoiweza kazi, na utovu mkubwa wa nidhamu. Angalieni kwamba kutoa hukumu isiyoipendeza Serikali si mojawapo ya sababu hizo.

Njia yenyewe ina hatua nne, nami nitazieleza moja moja.

Hatua ya kwanza ni malalamiko. Mtu yeyote, awe mkulima, mwalimu au mchuuzi wa sokoni, aweza kuandika malalamiko yake na kuyapeleka kwa Tume ya Huduma za Mahakama. Hapana budi aeleze mambo anayodai kwamba yametendeka. Tume nayo yaweza kuanza yenyewe bila kungoja mtu kulalamika. Lakini Rais hawezi kuanzisha jambo hili kwa amri yake, wala Bunge haliwezi.

Hatua ya pili ni ya Tume. Ikiona kwamba malalamiko yanaonyesha sababu mojawapo kati ya zile tano, huyapeleka kwa Rais. Rais anapewa siku 14 kumsimamisha jaji yule kazi na kuunda jopo. Tangu siku ya kusimamishwa jaji hulipwa nusu ya mshahara mpaka mambo yake yaishe.

Hatua ya tatu ni jopo lenyewe, nalo huwa na watu saba. Jaji Mkuu ndiye anayeshtakiwa, Spika wa Bunge la Taifa huwa mwenyekiti, pamoja na majaji watatu kutoka nchi zinazofuata sheria za asili ya Kiingereza, wakili mmoja wa miaka 15 au zaidi, na watu wawili wenye ujuzi wa mambo ya umma. Kwa jaji mwingine, mwenyekiti na wajumbe watatu hutoka miongoni mwa majaji, waliokuwa majaji, au watu wanaostahili kuwa majaji. Jopo husikiliza pande zote, kisha humpa Rais mapendekezo. Mapendekezo hayo yanamfunga Rais: hana ruhusa ya kumsamehe rafiki yake wala ya kumfukuza adui yake.

Hatua ya nne ni rufani. Jaji asiyeridhika anazo siku 10 za kukata rufani katika Mahakama ya Juu. Rais hatendi neno mpaka siku hizo zipite au rufani iishe.

Msomaji aweza kuuliza, "Hayo ni maandishi. Je, yamepata kutendeka?" Naam, yametendeka. Tarehe 31 Desemba 2011, katika jengo moja la maduka mjini Nairobi, bawabu mmoja wa kike alimtaka mama mmoja akaguliwe kama watu wengine. Mama huyo alikuwa Nancy Baraza, Naibu Jaji Mkuu wa Kenya na jaji wa Mahakama ya Juu. Bawabu alilalamika kwamba alifinywa pua, kisha akatishwa kwa bastola. Mwezi wa Januari 2012 Tume ilipeleka jambo hilo kwa Rais Kibaki, na Naibu Jaji Mkuu akasimamishwa kazi. Jopo likaundwa, na mwenyekiti wake akawa Augustino Ramadhani, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Mwezi wa Agosti jopo likaamua kwamba aondolewe. Alikata rufani, lakini mwezi wa Oktoba 2012 akajiuzulu.

Nimeifikiria sana habari hii. Mlalamikaji alikuwa mtu wa kusimama mlangoni na kukagua mikoba. Aliyelalamikiwa alikuwa wa pili kwa ukubwa katika mahakama zote za nchi. Hata hivyo walisikilizwa wote wawili. Wazee walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na mwaka ule tuliona ukikata.

Wala jopo si njia ya kumfukuza kila aliyeshtakiwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilikubaliana na jopo lililotaka jaji mmoja wa Mahakama Kuu aondolewe. Mwaka 2022, katika shauri la jaji mwingine aliyechelewa kutoa sababu za uamuzi wake, mahakama hiyo hiyo ilikataa pendekezo la kumwondoa. Hivyo ndivyo ipasavyo kuwa, maana kosa dogo halistahili adhabu kubwa.

Kinga hii ina faida gani kwetu? Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta matokeo ya uchaguzi wa urais, ingawa Rais aliyekuwa madarakani ndiye aliyetangazwa mshindi. Wako waliofurahi na wako waliokasirika. Lakini hapana jaji hata mmoja aliyeondolewa kazini kwa hukumu ile. Kama ingekuwa sheria ya mwaka 1988, nani ajuaye yangekuwaje?

Sisemi kwamba njia hii haina kasoro. Jaji wa Mahakama ya Juu akikata rufani, wanaomsikiliza ni wenzake wa meza moja. Tena jaji asiye na hatia hukaa miezi mingi kwa nusu mshahara na jina lake likiwa magazetini. Hayo yafaa wenye hekima wayafikirie.

Basi kwa ndugu yangu wa Kidato cha Tatu, jibu lako ni hili: jaji akikosa atahukumiwa na watu saba, kwa sababu zilizoandikwa, baada ya kusikilizwa. Nami nakiri kwamba siku ile nilitetea hoja isiyo sawa. Jaji aweza kuondolewa, tena yafaa aweze kuondolewa, lakini si kwa hasira ya mkubwa wala kwa kelele za umati.

Likizo iliyopita nilimsomea babu kifungu hicho cha 168 tukiwa tumeketi ukingoni mwa ile nusu ya shamba aliyobakiwa nayo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nimsomee tena ile sehemu isemayo kwamba mtu yeyote aweza kulalamika.