Kiti cha Pili Benchini: Njia ya Mwalimu Msaidizi wa Kandanda

Mtazamaji wa kandanda humjua mchezaji, humjua mwalimu mkuu, na akikasirika humjua hata mwamuzi. Asiyemjua ni yule kijana aketiye kando ya mwalimu mkuu, daftari mapajani na saa mkononi, ambaye asubuhi alifika uwanjani kabla ya wote na jioni ataondoka akiisha kuhesabu mipira. Huyo ndiye mwalimu msaidizi. Askari ataelewa upesi cheo hicho ni cha namna gani: ni unaibu kamanda, wenye kazi nyingi, amri chache na sifa haba.

Huko Rusizi, mji ambao wengi bado huuita Cyangugu, kijana wa aina hiyo ana taabu zake za pekee. Mji umekaa kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, pale mto Rusizi unapotoka ziwani, na ng'ambo ya mto ni Bukavu. Kigali iko mbali, zaidi ya kilomita 200, na njia yenyewe hukatiza msitu wa Nyungwe. Timu ya mji ni Espoir, nayo mwishoni mwa msimu wa 2022/2023 ilishuka kutoka daraja la kwanza. Timu ikishuka, mchezaji hodari hutafutwa na timu nyingine, na mwalimu mkuu hubaki na jina lake. Msaidizi je? Hakuchagua kikosi, wala hakuamua nani atolewe na nani aingizwe. Lakini mkuu akifungashiwa virago, aghalabu naye hufungashiwa vyake siku hiyo hiyo.

Mara nyingi safari yenyewe huanzia shuleni au chuoni. Kijana aliyecheza akaona miguu yake haitamfikisha mbali huombwa kuongoza mazoezi ya wenzake. Hapo hugundua ama anapenda kufundisha, ama alipenda kucheza tu, na hayo ni mambo mawili mbalimbali. Akipenda, lazima ajipatie cheti. Shirikisho la Kandanda la Afrika, CAF, limeweka ngazi za leseni: D kwa anayeanza, kisha C, kisha B, kisha A, na juu ya zote ile iitwayo Pro. Kwa kawaida mtu hupanda ngazi moja moja, na kati ya ngazi na ngazi hutakiwa awe anafundisha timu. Kwa kijana wa Rusizi kila kozi inayofanyika mji mkuu ni nauli, ni malazi, ni siku kadhaa za kukosa kazi. Nadhani wengi wanaopotea njiani huangushwa na nauli wala si na mtihani.

Wapo waliofika. Vincent Mashami alichezea APR, timu ya jeshi iliyoundwa mwaka 1993. Baadaye alifundisha APR hiyo hiyo na Bugesera, tena akakaa kiti cha msaidizi katika timu ya taifa, Amavubi. Agosti 2018, Mjerumani Antoine Hey akiwa ameshaondoka, msaidizi huyo alikabidhiwa timu. Mechi yake ya kwanza, Septemba mwaka huo mjini Kigali, alifungwa na Ivory Coast mabao 2 kwa 1, na Rwanda ikamaliza michezo yake ya kundi ya kuwania Kombe la Mataifa la 2019 bila kushinda hata mmoja. Ndipo mtu hujua tofauti ya viti viwili hivyo. Aliyekuwa akishauri sasa ndiye anayeulizwa.

Hakuvunjika moyo. Katika fainali za CHAN, za wachezaji wa ligi za ndani, zilizochezwa Cameroon mapema mwaka 2021, vijana wake walitoka sare na Uganda, wakatoka sare na Morocco, pasipo kufungwa bao katika mechi zote mbili. Kisha wakaishinda Togo 3 kwa 2 na kuingia robo fainali, ambako Guinea iliwatoa kwa bao 1. Anayezitazama mechi zile mbili za kwanza huona timu iliyofundishwa kwanza kulinda mlango wake, jambo ambalo msomaji wa ukurasa huu hahitaji kuelezwa.

Mwaka 2022 aliiacha timu ya taifa akaenda kufundisha Polisi. Tarehe 1 Mei 2024 Polisi ilitwaa Kombe la Amani kwa kuishinda Bugesera 2 kwa 1, na Agosti ikaishinda APR kwa mikwaju ya penalti katika mechi ya kufungua msimu. Timu zote mbili alizozishinda aliwahi kuzifundisha! Wanajeshi watatusamehe kwa kulikumbusha jambo hilo.

Wengine huitwa ghafla. Oktoba 2022 APR ilipomsimamisha mwalimu wake kutoka Morocco, Adil Erradi, msimu ukiwa umekwisha kuanza, msaidizi wake Ben Moussa alishika hatamu, na mwaka 2023 APR ikawa bingwa. Hakupewa muda wa kujiandaa. Maandalizi yake yalikuwa katika lile daftari la mapajani.

Na wapo ambao kiti cha pili ndicho makao yao. Selemani Matola, nahodha wa zamani wa Simba ya Dar es Salaam, alikuwa msaidizi chini ya Sven Vandenbroeck, kisha Didier Gomes, kisha Pablo Franco. Wageni walikuja na kuondoka, yeye akabaki na kumbukumbu ya timu. Mimi sioni kwamba mtu wa namna hiyo ameshindwa. Simba ingemwajiri nani mwingine wa kumweleza mgeni ni mchezaji yupi hulegea akikemewa mbele ya wenzake?

Hapa ndipo vilabu, vya jeshi na polisi vikiwa mbele, vinapoweza kufanya jambo dogo lenye manufaa makubwa. Mkataba wa msaidizi uandikwe mbali na wa mkuu, wenye muda wake na masharti yake, ili kuondoka kwa mmoja kusiwe kuondoka kwa wote wawili. Tena klabu itenge fungu la kumlipia kozi inayofuata, yaani nauli, malazi na posho. Klabu iliyozoea kulipia kambi ya timu nzima haiwezi kusema fungu la mtu mmoja limeishinda. Yule kijana wa Rusizi mwenye leseni D angeweza basi kupanda basi alfajiri kwenda kozi ya C, akijua kwamba atakaporudi kiti chake bado kipo.