Mbambakofi ukikatwa, kipepeo adimu hukosa pa kutaga

UNAPOTAJWA mti wa mbambakofi, wakazi wengi wa Pwani hukumbuka milango ya nakshi na samani za thamani. Ni wachache wanaofahamu kwamba majani ya mti huo hulisha viwavi wa kipepeo adimu aitwaye kitaalamu Charaxes lasti.

Kipepeo huyu, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1889 na Mwingereza Henley Grose-Smith, hupatikana katika misitu ya pwani ya Kenya na mashariki mwa Tanzania. Katika Kaunti ya Kwale, hupatikana katika msitu wa Shimba Hills.

Jike hutaga mayai juu ya majani ya mti ambao watoto wake wataula. Kiwavi huanguliwa, naye huwa wa kijani, mwenye pembe nne kichwani. Hula na kujivua ngozi mara kadhaa, kisha huning'inia akiwa pupa hadi atoke akiwa na mbawa.

Kipepeo mzima hashughulikii sana maua. Hufyonza utomvu wa miti na matunda yaliyooza, ndiyo sababu watafiti humnasa kwa ndizi zilizochacha. Kwa hivyo, aweza kushiba embe bovu shambani, lakini kiwavi wake hawezi kuishi kwa majani ya mwembe. Mbambakofi na miti mingine michache ya jamii yake ikitoweka, uzazi nao hukoma.

Hapa ndipo umuhimu wa kaya unapodhihirika. Kaya Waa, katika eneo la Waa kusini mwa Likoni, ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Wamijikenda ambayo wazee wameilinda kwa miiko inayokataza ukataji wa miti. Tangu mwaka 1992, serikali imekuwa ikizitangaza kaya kuwa turathi za taifa. Hata hivyo, misitu hii ni midogo na imezingirwa na mashamba na majengo. Kila mti unaoibwa huacha pengo kubwa.

Isitoshe, faida ya kuhifadhi yaonekana. Huko Gede, Kaunti ya Kilifi, mradi wa Kipepeo ulioanzishwa mwaka 1993 umewawezesha wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza pupa ng'ambo. Mapato hayo hutegemea msitu uliosimama.