Maua ya Ukutani na Maua ya Jikoni: Wahakka wa Nanzhuang

Nanzhuang ni mji mdogo wa milimani katika wilaya ya Miaoli, kaskazini magharibi ya Taiwan, na wakazi wake wengi ni Wahakka, jamii ya Kichina yenye lugha yake. Siku za mapumziko vichochoro vyake hufurika wageni wanaokuja kula na kununua maua. Kichochoro maarufu kuliko vyote kimepewa jina la guihua, kiua cha manjano mpauko kisichofikia upana wa sentimita moja, ambacho harufu yake husikika kabla mti wenyewe haujaonekana. Katika maduka ya hapo, ambayo mbele huuza chupa na vifurushi na ndani hupanga meza za chakula, guihua imo katika asali, katika chai, katika barafu ya kusaga, na juu ya madonge ya unga wa mchele wa kunata yanayoelea kwenye maji ya sukari. Ukutani hutundikwa kitambaa chekundu chenye maua makubwa ya peoni, na mifuko ya karatasi huchapwa picha ya ua jeupe la mti wa tung. Mgeni huambiwa kwamba yote haya ni mila za Wahakka, na mgeni makini hujiuliza kama anaonyeshwa mila au anauziwa bidhaa. Naona swali hilo limekaa vibaya. Mila na biashara huweza kuishi chini ya paa moja, na hapa zinaishi. Kazi ni kutambua kipi ni kipi, na ushahidi unaelekeza jikoni kuliko ukutani.

Tuanze na ukuta, maana ndipo wakosoaji wanapopata nguvu. Mababu wa Wahakka wa Taiwan walivuka bahari kutoka Guangdong na sehemu za Fujian, na wengi wao wakaishia kwenye vilima vya Taoyuan, Hsinchu na Miaoli, ardhi ya mawe na miteremko. Sifa waliyojijengea ni ya watu wanaobana matumizi na kuchapa kazi. Wanawake wao hawakufungwa miguu, tofauti na wanawake wengi wa Kichina wa enzi hizo, kwa kuwa walihitajika shambani, mtoni na kwenye njia za mizigo. Vazi lao lilikuwa joho refu la buluu ya nili, pana, la kufanyia kazi, na urembo wake uliishia kwenye pindo. Kitambaa chekundu cha peoni kilitoka viwandani katikati ya karne ya 20, kikashonewa foronya na mafarishi kote Taiwan, kwa Wahakka na wasio Wahakka vilevile. Kukiita kitambaa cha Wahakka ni jambo la miaka ya karibuni tu. Anayesema kwamba hii si alama yao ya kale yuko sahihi, na sioni faida ya kumbishia.

Mti wa tung una historia ndefu zaidi milimani hapo, ila si historia ya urembo. Ulipandwa kwa wingi enzi ya utawala wa Wajapani, uliodumu kutoka 1895 hadi 1945, kwa ajili ya mafuta ya mbegu zake, ambayo hukauka haraka na kuzuia maji. Yalipakwa kwenye mbao, mashua na miavuli ya karatasi. Mti wenyewe ni laini, ukachongwa viatu vya mbao na njiti za kiberiti. Mbegu zina sumu na haziliwi. Rangi za kisasa zilipoingia, mafuta hayo yakakosa soko, miti ikaachwa ijiotee ovyo, na kila Aprili na Mei maua yakawa yanaanguka mazima mazima, yakitandaza weupe njiani bila mtu kuyafanyia sherehe. Mwaka 2002 Baraza la Mambo ya Wahakka, chombo cha serikali kilichoundwa mwaka mmoja kabla, likaanzisha tamasha la maua ya tung. Tamasha hilo basi lilitoka ofisini, halikutoka kijijini.

Lakini kulitupa kwa sababu hiyo tu ni kufumbia macho hali iliyolizaa. Chini ya sheria ya kijeshi, iliyodumu kutoka 1949 hadi 1987, shule na utangazaji vilitawaliwa na Kimandarini, na mtoto aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani darasani aliadhibiwa. Wahakka wengi waliohamia mijini walijifunza kunyamaza. Tarehe 28 Desemba 1988 maelfu waliandamana Taipei wakidai lugha ya mama irudishiwe nafasi yake. Watu waliozoea kujificha walihitaji kitu cha kuonyesha hadharani, na ua lililokuwa limejaa kwenye vilima vyao tayari lilifaa. Pia miji kama Nanzhuang ilikuwa na njaa ya kazi. Ilikuwa imeishi kwa kafuri, kwa magogo na kwa makaa ya mawe, na vyote vilikuwa vimekwisha au kukosa faida, vijana wakishuka tambarare kutafuta mishahara. Ofisa aliyebuni tamasha hakuwadanganya watu hawa. Aliwapa sababu ya wageni kupanda mlima. Kosa huanza pale alama inapochukuliwa kuwa ndiyo mila yenyewe, mgeni akapiga picha ya ua la tung kwenye sahani akaondoka akidhani amewajua Wahakka.

Mila yenyewe inaonekana vizuri zaidi katika majani ya haradali. Baada ya mavuno ya pili ya mpunga, shamba halikuachwa wazi, lilipandwa haradali ya majani. Ikikomaa wakati wa baridi, hukatwa na kulazwa juani mpaka ilegee, kisha hupangwa kwenye pipa tabaka kwa tabaka na chumvi, ikakanyagwa kwa miguu na kukandamizwa kwa mawe. Ikichacha huliwa hivyo hivyo, au hutolewa na kuanikwa tena. Ile iliyokauka nusu hushindiliwa ndani ya chupa kwa kijiti, jani baada ya jani, mpaka pasibaki upenyo wa hewa, na chupa hugeuzwa mdomo chini ili maji yaliyosalia yachuruzike. Ile iliyokaushwa kabisa hufungwa mafundo na kuwekwa kwa miaka, ikizidi kuwa nyeusi na kunukia, hadi siku ya kupikwa na nyama ya nguruwe yenye mafuta. Zao moja, hatua tatu, vyakula vitatu, na hakuna kilichotupwa. Ninapoutazama utaratibu huu naona akili kubwa ya watu waliojua kwamba msimu wa neema ni mfupi na mlima hauna huruma.

Guihua inapoingia jikoni hupita mkondo uleule. Maua huchumwa au kutikiswa yaangukie kwenye kitambaa, kisha watu hukaa wakichambua kwa ncha za vidole kila kikonyo na kila kipande cha jani, kwa sababu vikonyo hutia uchungu. Yaliyosafishwa hupeperushwa yakauke, halafu hupangwa chupani tabaka kwa tabaka, safari hii na sukari au asali, na kuachwa yaive. Anayeona kazi hii akakumbuka pipa la haradali hatashangaa kwamba imeshika mizizi kwa Wahakka. Tena ua halikuwa geni majumbani mwao hata kabla ya watalii. Guihua na magnolia ndogo inayonukia usiku zilipandwa uani, na katika vijiji vya Wahakka wa kusini, eneo liitwalo Liudui, wanawake hupanga maua kwenye sahani, mduara ndani ya mduara, na kuyapeleka madhabahuni. Buluu ya nili haikuwa dalili ya watu wasiojali maua. Maua yao yalikuwa ya ibada na ya pua, hayakuwa ya kuchapwa kwenye nguo.

Mtu anaweza kusema kwamba kwa kipimo hiki cha kazi na ujuzi chochote kitamu kinaweza kubatizwa mila. Sikubali, kwa kuwa kipimo hiki kina makali pande zote mbili. Kinauliza nani alifanya kazi, kwa ujuzi gani, na kama ujuzi huo bado unatumika nyumbani mteja asipokuwepo. Huko Neiwan, mji mwingine wa Wahakka katika milima ya Hsinchu, wauzaji hujulikana kwa wali wa kunata uliotiwa ua la tangawizi mwitu na kufungwa kwa majani yake. Kufunga wali kwa majani ni desturi ya kale ya sikukuu, na ua hilo ni nyongeza ya wauzaji. Mkono unaofunga ni uleule, nami nauhesabu ndani ya mila. Duka linalonunua sharubati ya kiwandani na kubandika picha ya ua kwenye chupa silihesabu, hata kama mwenyewe ni Mhakka wa vizazi kumi.

Pingamizi lililo zito kuliko yote linahusu majirani. Nanzhuang si ya Wahakka peke yao. Wasaisiyat na Waatayal walikuwa kwenye milima hiyo kabla yao, na Wahakka waliingia humo wakifuata ardhi na kafuri. Kafuri ilikuwa mali kubwa ya dunia, na waliokata miti walitakiwa kuwalipa wenyeji kodi ya mlima. Malipo yakakwama, na serikali ya Wajapani haikutambua haki ya wenyeji juu ya ardhi. Mwaka 1902 Ri Aguai, kiongozi wa Wasaisiyat, akaongoza mashambulizi Nanzhuang, na jeshi likajibu kwa mizinga. Ua jeupe kwenye mfuko wa karatasi halisemi lolote kuhusu hayo, na anayelalamika kwamba linayafunika ana haki. Jikoni kuna kumbukumbu zaidi kidogo: maqaw, tembe nyeusi zenye ukali wa pilipili na harufu ya ndimu, ni kiungo cha wenyeji wa mlima, na leo hutiwa kwenye vyakula vinavyouzwa kando ya guihua. Kukitumia kiungo bila kuwataja wenyewe hakutoshi. Duka lenye nafasi ya kueleza kwenye kadi ya chakula jinsi mti wa tung ulivyopandwa lina nafasi pia ya kuandika nani walistahili kodi ya kafuri kabla ya 1902, na kwa nini hawakuipata.