Kuvunja Namba Kubwa kwa Mikunjo ya Eliptiki

Kila mtu aliyepita madarasa ya juu ya shule ya msingi, awe alisomea Dar es Salaam au Makere, kwenye barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo, amepata kuamriwa atafute vigawo tasa vya namba, naye akaanza kugawa kwa 2, kisha kwa 3, kisha kwa 5, akaendelea hivyo mpaka hesabu ikatimia. Njia hiyo ni sahihi wala haina ila, maadamu namba ni ndogo. Lakini namba ikiwa na tarakimu mia, na kigawo chake kilicho kidogo kabisa kikawa na tarakimu thelathini, basi kompyuta igawayo mara bilioni moja kwa kila sekunde itamaliza mabilioni ya miaka kabla ya kukifikia.

Tatizo hili si geni. Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa wa karne ya 17, alidhani kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa, hata mwaka 1732 mwanahisabati Euler akadhihirisha kuwa ni zao la 641 na 6,700,417. Tangu hapo wataalamu wamebuni njia nyingi za kufupisha kazi, na mojawapo iliyo ya shani ni ile aliyoizusha Mholanzi Hendrik Lenstra mwaka 1985, akaichapisha mwaka 1987, ambayo hutumia mikunjo ya eliptiki, yaani mistari iliyopinda ambayo mlinganyo wake ni y² = x³ + ax + b.

Ajabu ya mikunjo hiyo ni kwamba nukta zake hujumlishika mithili ya namba. Ukitaka kuijumlisha nukta na nafsi yake, utachora mstari unaougusa mkunjo papo hapo penye nukta, uufuate mpaka ukutane na mkunjo mahali pengine, kisha ubadili alama ya y ya nukta uliyoipata. Kazi yote ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa. Na humo katika kugawa ndimo ilimofichwa faida.

Natuchukue 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, kama kwamba hatuvijui vigawo vyake. Hesabu zote tutazifanya kwa baki, yaani kila jawabu lizidilo 1961 tunaligawa kwa 1961 na kushika kile kinachosalia. Na katika hesabu za namna hii, kugawa kwa namba fulani huwezekana tu ikiwa namba hiyo haina kigawo cha shirika na 1961 zaidi ya 1. Tuanze na mkunjo y² = x³ + 2x + 1 na nukta (0, 1). Mteremko wa mstari hapo ni 2 ÷ 2, yaani 1, na nukta maradufu ni (1, −2). Kuiongeza maradufu tena kunadai kugawa kwa −4, jambo lisilo na kizuizi; hesabu inapita salama, nasi hatukuambulia kitu. Tuuache mkunjo huo, tushike y² = x³ + 22x + 1 kwa nukta ile ile. Mteremko sasa ni 22 ÷ 2, yaani 11. Nukta maradufu ni (121, −1332). Na hatua ifuatayo inadai kugawa kwa −2664. Tafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika cha 2664 na 1961, ile KKS ya darasani, utapata 37. Kugawa kumekataa, na kule kukataa ndiko kulikotufichulia kwamba 1961 ni 37 × 53.

Mkunjo wa pili nimeuchagua makusudi ili hesabu iwe fupi. Katika kazi yenyewe mikunjo huchaguliwa kwa bahati nasibu, na sababu ya kufaulu kwake ni hii. Ukihesabu kwa baki za 37, kila mkunjo una idadi yake maalumu ya nukta, ambayo kwa mujibu wa kanuni aliyoithibitisha Mjerumani Helmut Hasse katika miaka ya 1930 haipungui 26 wala haizidi 50. Idadi hiyo ikiwa imeundwa na vigawo vidogo vidogo, kugawa hukwama upesi na kigawo hujitokeza. Njia ya mwanahisabati Pollard ya mwaka 1974, iliyotangulia, ilitegemea namba moja tu, kigawo kikipunguzwa 1, na namba hiyo ikiwa mbaya hapakuwa na hila. Lenstra alitupa uhuru wa kubadili mkunjo na kupata idadi nyingine, tena na tena.

Kwa njia hii Richard Brent alipata mwaka 1995 kigawo cha tarakimu 40 cha namba 2¹⁰²⁴ + 1, yenye tarakimu 309, na mwaka 2013 Ryan Propper akapata kigawo cha tarakimu 83. Hata hivyo msomaji asihofie siri za benki yake: kufuli ya siri iitwayo RSA, iliyobuniwa mwaka 1977, aghalabu huundwa kwa kuzidisha namba tasa mbili zenye tarakimu 300 na ushei kila moja, na njia ya Lenstra, ambayo haijali sana ukubwa wa namba bali ukubwa wa kigawo kinachotafutwa, haina ubavu wa kufika huko.

Fauka ya hayo, kila mkunjo hujitegemea, hauhitaji habari za mwenzake. Kwa hiyo kompyuta moja kuukuu isiyo na mtandao, ikiwekewa programu ya bure iitwayo GMP-ECM, yaweza kufanya sehemu yake ya kazi sawasawa na mashine za vyuo vikuu. Walimu wa hisabati wa Makere, na wa kwingineko nchini, wawape wanafunzi wao 1961, kisha wawaache watafute mkunjo wao wenyewe.