Mpenzi Wako Hawezi Kukuchagulia Upinde

Kama wewe na mwenzio mmefika pale ambapo Jumapili maana yake ni kochi, rimoti na kila mtu na simu yake, nipe dakika zako chache. Sina habari ya mishumaa wala chakula cha usiku hotelini. Nataka tuzungumze upinde na mishale. Usicheke! Hapa Uingereza ninapoishi na mume wangu miji mingi ina klabu za mchezo huu, na wanaojiunga wawili wawili, mke na mume au wachumba, ni wengi kuliko unavyodhani. Kuwinda kwa upinde huku hakuruhusiwi, sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 imekataza. Kwa hiyo tunachopiga ni shabaha za karatasi uwanjani, au wanyama wa sponji waliopangwa msituni: swala, dubu, bata mzinga. Mnatembea, mnacheka, mnatafuta mshale uliopotelea kwenye majani. Na hakuna awezaye kuvuta upinde huku anasoma meseji.

Tuwekane sawa kwanza. Upinde ninaousema mimi ni ule wa asili: mti, kamba na mkono wako, basi. Si ule wa magurudumu, ambao Mmarekani Holless Wilbur Allen alipewa hataza yake mwaka 1969 na ambao unakupunguzia mzigo ukishauvuta. Wa asili haukupunguzii kitu. Nguvu ya upinde hupimwa kwa ratili, na ukivuta ratili 30 utazibeba 30 zote mpaka mshale uondoke. Ndiyo maana kuuchagua ni shughuli, na ndiyo maana wapenzi wengi wanaharibu hapo hapo mwanzoni. Mwanaume ananunua mzito kupita kiasi kwa sababu ni mwanaume. Mwanamke anapewa wowote uliobaki.

Mume wangu ni mtu wa gym, kifua kipana, mabega ya kubebea magunia. Tulipomaliza kozi ya wanaoanza mimi niliendelea na upinde wa kuazima wa klabu, ratili 24. Yeye alinunua wake kwa mtu, wa mtumba, ratili 50. "Huu ndio wa mwanaume," muuzaji akamwambia, na ubishi ukaisha hapo. Mwezi wa pili bega la kulia likaanza kumuuma usiku. Mwezi wa tatu mtaalamu wa viungo akamwambia asiguse upinde kwa wiki kumi na mbili.

Lakini kilichonitia wasiwasi mimi hakikuwa bega. Mimi nilikuwa napiga vizuri, yeye anakosa, na tukirudi nyumbani gari zima kimya. Ikafika Jumapili akaniambia, "We nenda tu, mke wangu, mimi nina kazi." Kazi gani, Jumapili? Kitu tulichokianza ili tuwe pamoja kilikuwa kinatugawa taratibu, na chanzo chake ni namba moja tu iliyoandikwa kwenye bawa la upinde.

Wanaume, hebu sikieni hili. Hata wapigaji wanaume wa Olimpiki, wanaolenga shabaha iliyo mita 70 na kufanya mazoezi karibu kila siku, wengi wao huvuta kati ya ratili 45 na 50 hivi. Wewe unayepiga mara moja kwa wiki unataka 50 za nini? Kama unataka kuona upinde mzito kweli, nenda Portsmouth ukaitazame meli ya Mary Rose. Ilizama mwaka 1545, ikaibuliwa 1982, na ndani yake zilipatikana pinde ndefu 137 zikiwa nzima. Wataalamu wanakadiria nyingi zilikuwa na nguvu ya ratili 100 hadi 185. Wenye pinde hizo walianza kuvuta tangu watoto, na hata hivyo baadhi ya mifupa iliyopatikana melini ina kasoro ya bega ambayo watafiti wameihusisha na kazi hiyo. Mume wangu alisimama mbele ya kile kioo muda mrefu, anajishika bega. Sikusema neno.

Sasa tuje kwenye kuchagua.

Anza na mwili wako, dukani baadaye. Simama, nyoosha mikono yote miwili pembeni kama ndege, mwenzio akupime kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi ncha ya mwingine. Gawanya kwa 2.5. Mimi nina sentimita 160, nikigawanya napata 64, yaani inchi 25 na kidogo. Huo ndio urefu wa mvuto wangu, kwa makadirio. Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu ratili zinazoandikwa kwenye upinde hupimwa ukivutwa inchi 28, na kila inchi unayopungukiwa inakutolea ratili mbili au tatu hivi. Upinde wa 30 mikononi mwangu ni wa 23 tu. Mume wangu anavuta inchi 29, kwa hiyo ule wa 50 kwake ulikuwa umepita 52. Unaona? Upinde mmoja, watu wawili, mizigo miwili tofauti kabisa. Ndiyo maana nasema upinde wa kuchangia si mapenzi. Changieni gari. Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi wanajua: kila mwanaume huchonga wake.

Kisha jaribu uzito. Kaa kwenye kiti, inua miguu kidogo kutoka sakafuni, vuta mpaka vidole viguse pembe ya mdomo, shika, hesabu hadi kumi, kisha rudisha kamba polepole bila kuachia. (Usiachie kamba ya upinde usio na mshale hata siku moja! Nguvu yote inarudi kwenye mti, na mti unaweza kupasuka usoni pako.) Ukitetemeka kabla ya kumi, au ukilazimika kuelekeza upinde mbinguni ndipo uweze kuuvuta, huo si wako. Kwa dada zangu wengi naona 18 hadi 25 inatosha kuanzia, kwa kaka zangu 25 hadi 32. Hakuna atakayekuuliza namba uwanjani. Watatazama mshale umeingia wapi.

Starehe ya upinde ina siri nyingine ambayo wauzaji hawaisemi sana, nayo ni urefu wake. Upinde mfupi ni mzuri kubeba na unapendeza kwenye picha, lakini ukiuvuta kamba inafanya pembe kali na kubana vidole kama mlango wa daladala. Upinde wa inchi 64 hadi 68 unavutika laini zaidi na unasamehe makosa. Mwenye mikono mirefu ndiye anayeuhitaji zaidi. Na kishikio nacho kikae kiganjani bila kukamatwa. Ukikibana sana, mshale utaenda pembeni na kifundo cha mkono kitakusumbua jioni.

Haya, kelele. Utaniuliza, kama hatuwindi, kelele inatuhusu nini? Inatuhusu sana, maana kelele ni nguvu iliyopotea njia. Nguvu uliyoweka kwenye upinde ilipaswa kuondoka na mshale. Isipoondoka inabaki inatikisa mti, kamba na kiwiko chako. Ukisikia upinde unalia "pwaa!" kama bati limeanguka, jua na mkono wako unapokea sehemu ya hiyo.

Kwa asili yake upinde mrefu ndio mkimya kuliko rikevu, ule wenye ncha zilizojikunja kwenda mbele. Kwenye rikevu kamba inalala juu ya zile ncha, na mshale ukiondoka inarudi kuzipiga. Hilo halinifanyi niukatae, mimi mwenyewe napiga rikevu, nauona umetulia mkononi. Dawa zake ni rahisi. Ya kwanza, nafasi kati ya kishikio na kamba. Waingereza wa zamani waliipima kwa ngumi iliyosimamishwa gumba juu yake, na kipimo hicho bado kinafanya kazi kwa pinde ndefu nyingi, inchi sita hadi saba. Rikevu nyingi zinataka zaidi, saba na nusu hadi nane na kitu. Ukiisokota kamba mizunguko michache nafasi inaongezeka. Sokota kidogo, piga mishale mitatu, sikiliza. Kuna mahali sauti inageuka, inakuwa nzito na fupi. Simama hapo hapo.

Ya pili, mshale. Watu wanapenda mshale mwepesi kwa sababu unakimbia, lakini mshale mwepesi hauchukui nguvu yote, na hiyo inayobaki ndiyo makelele. Kwa upinde wa ratili 30, mshale wa gramu 18 hadi 20 unatuliza mambo vizuri. Ya tatu ni nyuzi za sufu, zilezile za kufumia sweta. Funga vishungi viwili kwenye kamba, kimoja juu kimoja chini, vichane vifumuke. Havigharimu hata bei ya soda. Vyangu ni vyekundu, na ndiyo, vinaendana na jaketi.

Kulenga sawasawa nimekuacha mwisho kwa makusudi. Kila mtu anaingia dukani akiuliza upinde unaolenga vizuri, na jibu la kweli ni kwamba ukishapata usiokuumiza wala kupiga kelele umeshafika karibu. Mwenye upinde mzito anaachia haraka kwa sababu hawezi kushika. Macho hayajatulia, mshale umeshakwenda. Yaliyobaki ni mawili.

Moja ni jicho. Kutanisha viganja mbele yako uache kitundu kidogo, tazama saa ya ukutani kupitia hapo, kisha funga jicho moja moja. Lile linaloendelea kuiona saa ndilo jicho lako kuu. Kuna mwenzetu klabuni anaandika kwa mkono wa kulia lakini jicho lake ni la kushoto, na mwaka mzima mishale yake ilikwenda upande. Alipobadilisha akashika upinde wa mkono wa kushoto, mambo yakanyooka. Pima kabla ya kulipa, maana upinde wa kulia haugeuki kuwa wa kushoto.

Jingine ni ugumu wa wano, yaani ule mti wa mshale. Mshale ukiondoka haukai wima, unapinda na kuuzunguka upinde kama samaki anayeukwepa mwamba, ndipo unanyooka. Ukiwa mgumu mno kwa upinde wako, kwa mtu wa mkono wa kulia utaangukia kushoto. Ukiwa laini mno utaenda kulia. Ndiyo maana mishale ya mume wangu kwenye upinde wangu ni bure, na yangu kwenye wake ni bure pia. Kila mtu na podo lake, na mishale itiwe manyoya ya rangi tofauti ili msigombane kwenye shabaha.

Mkinunua wa mtumba, upitisheni kidole kwenye mabawa yote mkitafuta ufa. Ufungeni kamba, muutazame kutoka nyuma: kamba ikatize katikati ya mabawa yote mawili. Ikienda upande, bawa limejipinda; shukuruni, ondokeni. Na kwa wanaoanza mimi naupigia kura ule wa kufungua vipande vitatu, kishikio katikati na mabawa mawili ya kufunga kwa skrubu. Misuli ikikomaa unabadilisha mabawa tu, kishikio kinabaki.

Huo ndio aliorudi nao mume wangu baada ya zile wiki kumi na mbili: kishikio cha mti mwekundu, mabawa ya ratili 28, urefu inchi 64. Ule wa 50 aliuuza, na sikuuliza kwa shilingi ngapi. Siku ya kwanza alipiga mishale sita, mitano ikaingia kwenye dubu, akageuka kunitazama kama mtoto aliyefaulu mtihani. Njia nzima kurudi nyumbani hakunyamaza.

Sasa hivi anavuta 32 na ameanza kunidokeza habari ya 36. Tukaazima mabawa klabuni, nikamwekea kiti katikati ya sebule, miguu juu, nikahesabu. Kufika saba kiwiko kikaanza kucheza. Tumekubaliana ajaribu tena mwezi ujao.